Nilikopa milioni 4 nikanunua kamera kubwa, harusi ya kwanza mjomba akakosa sura

#1 Kivuli cha Saa Sita (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Kila wiki naona swali lile lile, "nataka kuanza kazi ya picha, ninunue kamera gani?", na majibu yanakuwa ya kutajiana modeli kama watu wanaopanga kikosi cha Taifa Stars. Na mimi nilikuwa humo humo. Acha niwasimulie kilichonikuta, mkimaliza mnipige mawe.

Nilianza 2014 na Canon 1100D ya mkononi, na lenzi ile ile ya 18-55 iliyokuja nayo. Mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka, nikaurudishia kwa gundi ya viatu. Kazi zenyewe mnazijua: pasipoti, ubatizo, kipaimara, mahafali ya darasa la saba. Watu walikuwa wanazipenda picha zangu na kuniunganisha kwa ndugu zao. Ila mwenyewe nilikuwa naona aibu. Ukifika kwenye shughuli ukakuta mwenzio kashika dude lenye lenzi kama mtungi, kamera yako unajikuta umeishikia mgongoni.

2019 nikachukua mkopo wa milioni 4, riba sitaki hata kuikumbuka. Nikapata Canon 5D Mark III ya mkononi na lenzi ya 24-70 yenye f/2.8 (hiyo f ni tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, mwanga unaingia mwingi, ila kina cha picha kali kinapungua). Siku hiyo nililala nayo kitandani, mke wangu shahidi.

Jumamosi iliyofuata nikawa na harusi ya kanisani hapa Dar. Ikafika picha ya ukoo. Watu wakapangwa kwenye ngazi za kanisa mistari mitatu: wazee wamekaa kwenye viti mbele, wa kati wamesimama, wajomba na mashemeji wako ngazi za juu. Mimi nikaweka f/2.8. Kwa nini f/2.8? Kwa sababu nimeilipia! Unalipaje hela yote ile halafu usiitumie? Nikamlenga bibi mzaa mama pale mbele, nikabonyeza. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera picha ilikuwa inameremeta, nikajisemea leo nimefika mjini.

Jumatatu naifungua kwenye kompyuta. Bibi, unaweza kumhesabia maua ya khanga. Mstari wa kati, haya, unapita. Mstari wa juu ukungu mtupu. Mjomba mkubwa wa bibi harusi, aliyesafiri kutoka Songea kuja kusimama kwenye ile ngazi, hana sura. Yuko pale kama mtu anayeonekana kwenye kioo cha bafuni baada ya maji ya moto.

Bibi harusi hakufoka. Aliniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniumiza: "Kaka, mbona zile ulizompigia dada mwaka juzi na ile kamera ndogo kila mtu anaonekana?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata baadaye, nikiwa nimekaa na kikokotoo. Kwenye sensa (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa kama ya 5D, lenzi ukiiweka 50mm (namba ya kuvuta picha karibu), tundu f/2.8, mtu uliyemlenga yuko mita 5, basi nyuma yake unabaki na mita 1 hivi ya picha kali. Zile ngazi zilikuwa zimechukua zaidi ya mita moja na nusu. Mjomba alikuwa nje ya mpaka. Ile 1100D, sensa yake ni ndogo, kwa hiyo kuwaingiza watu wale wale nilikuwa naishia kwenye 31mm hivi, na namba hiyo ikishuka kina cha picha kali kinaongezeka. Tena nilikuwa naiacha kwenye oto, na juani oto ilikuwa inajichagulia yenyewe f/8. Kwa hesabu hiyo kila kitu kuanzia mita 3 mpaka zaidi ya mita 20 kinatoka kikali: bibi, mjomba, mlango wa kanisa na padri anayepita nyuma.

Kamera ndogo miaka yote ilikuwa inanisitiri. Kubwa imekuja wiki ya kwanza ikaniumbua.

Na dawa yake ilikuwa kuzungusha kiduara kimoja kwa kidole mpaka f/8. Sekunde mbili. Kuzungusha ni bure. Kujua lini uzungushe ndiko kulikokuwa hakumo ndani ya ile milioni 4.

#2 Ukumbini Daima

Mkuu pole, lakini usitupoteze vijana hapa. Unajifariji. Hiyo 1100D yako ipeleke ukumbini saa nne usiku, bwana na bibi harusi wanaingia wanacheza, taa zimezimwa, MC anapiga kelele. ISO yake (wepesi wa kunasa mwanga) inaishia 6400, na kabla hujafika huko picha ishajaa chenga kama tivii ya zamani. 5D Mark III kwenye ISO hiyo hiyo inakupa kitu unachoweza kumkabidhi mteja. Kwa hiyo kamera ina kazi yake. Ulichokosea wewe ni kutosoma, siyo kununua.

#3 Kivuli cha Saa Sita

Ukumbini Daima, hapo kwenye giza sikubishii. Gizani, kwenye mpira, na kwa wale wanaofuata simba Serengeti na lenzi ndefu kama bomba, vifaa vinaongea. Ungeniambia leo nirudi ukumbini na 1100D ningekataa.

Lakini twende huko huko ukumbini, maana ndiko nilikojifunza zaidi.

Mnazijua zile taa za zambarau za wapambaji. Ukumbi mzima unakuwa kama uko ndani ya chupa ya zabibu. Ngozi zetu chini ya taa ile zinatoka rangi ya bilinganya, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayokutoa hapo, kwa sababu rangi nyingine hazipo kwenye huo mwanga. Sensa hairekodi kitu ambacho hakijaingia kwenye lenzi. Mwaka wangu wa kwanza na ile kamera kubwa nilikuwa nakesha kwenye kompyuta najaribu kuwarudishia watu rangi zao. Nikiondoa zambarau, uso unakuwa kijivu kama maiti, Mungu anisamehe.

Akaja mtu akaniambia, "Geuza flashi iangalie juu, mwanga ugonge dari urudi laini." Nikageuza. Dari limefunikwa vitambaa vya pinki vya mapambo. Mwanga ukagonga pinki, ukarudi pinki. Nikawa nimetoka kwenye bilinganya nimeingia kwenye tikitimaji.

Sasa hivi nafanya hivi. Nafika ukumbini saa nzima kabla. Natembea nikiangalia dari na kuta, natafuta ukuta mweupe ulioachwa bila kitambaa, hata kama ni ule wa pembeni wa mlango wa jikoni. Flashi naielekeza huko, hata kama ni nyuma ya bega langu. Halafu namtafuta MC kabla hajapanda jukwaani, namnunulia soda, namwambia: "Kaka, kwenye keki naomba wasimame upande huu, na kabla hawajalishana wape sekunde kumi." Halafu fundi wa taa: "Kwenye keki na zawadi niwekee nyeupe dakika tano tu." Wengi wanakubali, hakuna anayewaombaga. Hizo dakika tano zimeniokolea picha nyingi kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua. Jumla ya gharama: soda mbili.

#4 Ukumbini Daima

Hapo kwa MC umenigusa. Mimi soda nampa MC na mpiga muziki, maana huyo ndiye mwenye mashine ya moshi.

Na niongeze la flashi kwa wageni. Mtu anasimama mbele ya meza ndefu ya kamati, anapiga flashi ya moja kwa moja, wa mita 2 anang'aa kama sahani, wa mita 4 yuko gizani. Anasema flashi mbovu, anataka kubwa zaidi. Flashi nzima! Mwanga unavyokwenda ndivyo hivyo, umbali ukiwa mara mbili unabaki na robo, siyo nusu. Ukinunua yenye nguvu zaidi, wa mbele atazidi kuungua na wa nyuma bado yuko robo yake. Zunguka, simama katikati ya meza wote wawe umbali unaokaribiana. Miguu yako ndiyo fundi hapo.

#5 Bint Kisauni

Hamjambo ndugu zangu wa Dar. Niko Mombasa, mimi kazi yangu ni arusi za kina mama, usiku wa kupamba. Humo mwanamume haingii, na simu hukusanywa mlangoni.

Mwaondoa jambo moja kubwa kwenye hesabu yenu. Kwetu, ujuzi wa kwanza ni kuaminika. Bi harusi amejifungua nywele, kavaa nguo ambayo nje hataonekana nayo, mamake yuwanitazama mimi kuliko anavyomtazama bintiye. Akiona shaka kidogo tu, natolewa. Kuna dada alikuja na mitambo ya kung'aa kabisa, stendi na miavuli, akaanza kujipiga picha mwenyewe na ukumbi nyuma yake. Hakuitwa tena na familia ile wala jirani zao. Mimi nikimaliza, hukaa na mama mtu tukazipitia picha pamoja, asiyotaka naifuta mbele yake. Ndiyo sababu huniachia nisimame karibu. Na ukiwa karibu, lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 yatosha kabisa.

La pili ni nyeupe na nyeusi. Kamera haimjui bi harusi ni nani. Mita yake ya kupimia mwanga imefundishwa kwamba dunia yote, ukiikoroga pamoja, ni kijivu. Basi ukiijaza gauni jeupe, yaona mwanga umezidi, yapunguza: gauni lawa rangi ya jivu na uso wa msichana wazama gizani. Ukiijaza mabuibui kumi meusi, yaona giza, yaongeza: nyuso zapauka kama zimepakwa unga. Kamera ya bei kali hupunguza kosa hili, haliishi. Niliyesimama pale ndiye najua kwamba lile ni gauni. Kuna kitufe kina alama ya + na -, hata kwenye simu kipo: gusa uso kwenye kioo, kisha buruta kidole juu au chini. Nyeupe nyingi, ongeza. Nyeusi nyingi, punguza. Watu wengi hushangaa, huona kana kwamba ni kinyume. Si kinyume, ni kumsahihisha aliyekosea.

Na mchana wa hina, madirisha ya nyumba za Mji wa Kale ni studio tosha. Mkalishe bi harusi ubavu wake ukitazama dirisha, si mgongo. Zima taa ya juu. Leso nyeupe imtandike mapajani irudishe mwanga chini ya kidevu. Basi.

#6 Mzee wa Mkanda

Wanangu, nimewasoma kimya kimya. Nilikuwa fundi picha Tanga tangu 1979, kamera yetu Yashica ya lenzi mbili ya kuchungulia kwa juu. Mkanda mmoja picha 12. Na mkanda wenyewe miaka ile ulikuwa wa kutafuta kama sukari na sabuni. Ukipoteza picha moja umepoteza sehemu ya kumi na mbili ya mshahara wa mtu.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: mteja anakaa, mimi sigusi kamera. Naongea naye. Namuuliza habari za kwao, mvua zimenyesha, mtoto wa kwanza yuko darasa la ngapi. Namtazama mabega. Mtu akikaa mbele ya kamera mabega hupanda mpaka masikioni. Yanaposhuka, hapo ndipo. Kidole kimoja, tayari, inuka, njoo Alhamisi uchukue. Ninyi leo mnapiga 400 kwenye shughuli moja halafu mnachagua. Silaumu, mashine inaruhusu. Lakini mnachagua kati ya 400 ambazo mabega yote yako masikioni.

Kuna mtu Bamako, kule Mali, aliitwa Seydou Keïta. Alifungua studio yake 1948. Alipiga mchana, uani, kwa mwanga wa jua, pazia lake la nyuma la kwanza lilikuwa shuka la kufunika kitanda chake mwenyewe. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Leo picha hizo zinaning'inia kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu wanasimama mbele yake. Tazameni mikono ya watu wake. Hakuna mkono uliosahaulika. Kila mkono aliupangia mahali pa kulala. Hiyo haiuzwi dukani.

Na hapa kwetu, mnamsahau Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar, kampuni yake ya Camerapix aliianzishia Dar 1963. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ndizo zilizoiamsha dunia. Mashirika makubwa yalikuwa na kamera kama yake na bora zaidi, lakini aliyefika Korem, huko huko Ethiopia kwenye njaa, akasimama pale alikuwa yeye. 1991 ghala la silaha likalipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Mkono mmoja! Alifariki 1996 katika ile ndege iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro. Nikimsikia kijana ananiambia hawezi kuanza kwa sababu kamera yake haina kitu fulani, huwa namkumbuka huyu, nanyamaza.

Halafu Kivuli amesema neno kuhusu ngozi. Enzi zetu maabara za picha za rangi zilikuwa na kadi ya kupimia, ina picha ya mwanamke wa Kizungu, wenyewe wakiita Shirley. Rangi za mashine ziliwekwa yeye apendeze. Sisi tukipeleka picha za harusi ya Kidigo, bibi harusi anarudi macho na meno. Hatukuwa na uwezo wa kuibadilisha mashine ya mtu. Tulijifunza kumsogeza mtu kwenye mwanga, kumpa ukuta wa rangi isiyomshinda, na kumpaka mafuta kidogo kwenye paji la uso mwanga upate pa kushika. Vifaa havikutengenezwa vikituwaza sisi, mwanangu. Ufundi wetu ndio uliojaza lile pengo.

#7 Kivuli cha Saa Sita

Shikamoo mzee. Hiyo ya mabega naondoka nayo. Na mafuta kwenye paji! Siku hizi wapambaji wanapaka poda mpaka uso hauna pa kung'aa, halafu tunalaumu lenzi.

#8 Kijana wa Chanika

Shikamooni wakubwa. Nina laki 6 niliyoikusanya kwa kuuza vocha na kazi za mjengo. Sina kamera, nina simu tu, tena siyo ya gharama. Wenzangu wananiambia nisubiri mpaka ifike milioni 2 ndiyo nitapata kamera ya maana, la sivyo wateja watanicheka. Nisubiri?

#9 Kivuli cha Saa Sita

Usisubiri. Na usinunue wiki hii.

Kwanza la kuchekwa. Jiulize mteja wako picha anaitazamia wapi. Instagram picha ya wima ya uwiano wa 4:5 inakaa 1080 kwa 1350, yaani haifiki hata megapikseli (nukta milioni) moja na nusu. Akitaka kusafisha ya kuweka fremu sebuleni, inchi 8 kwa 10, kwa ubora wa nukta 300 kila inchi anahitaji megapikseli 7.2. Ile 1100D yangu iliyobandikwa gundi ya viatu ina 12.2. Inabaki na chenji. Wanaokucheka ni wapiga picha wenzio, na hao hawalipi.

Sasa kazi ya wiki hii, na simu yako hiyo hiyo. Nenda jikoni kwa mama. Chukua sufuria, upande wa chini wenye masizi, ijaze picha nzima, piga bila kugusa mipangilio. Kisha tandika shuka jeupe au kanzu, jaza picha nzima, piga. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu. Utaona alichokisema dada wa Kisauni: sufuria jeusi limepauka kuelekea kijivu, kanzu nyeupe imechafuka kuelekea kijivu. Halafu rudia, safari hii buruta kidole mpaka nyeusi iwe nyeusi na nyeupe iwe nyeupe. Ukiweza hapo, umeshampita mtu mmoja ninayemfahamu mwenye kamera ya milioni 7. (Siyo mimi. Mimi yangu ilikuwa ya 4.)

Kisha jua. Dar na pwani yote hii jua la saa sita liko utosini, na mara mbili kwa mwaka linapita juu ya kichwa kabisa. Mtu akisimama nje saa hiyo macho yanakuwa mashimo mawili. Ndiyo maana nikajiita jina hili. Wateja wanataka Koko Beach saa saba mchana kwa sababu ndio muda gari la kukodi lipo. Usibishane nao. Tafuta mti au kibaraza, waweke kwenye ukingo wa kivuli, siyo ndani kabisa: hatua moja tu kutoka kwenye jua, uso ukitazama nje kwenye mchanga uliomulikwa. Mchanga unakuwa taa yako, unapiga kutoka chini na mbele, mashimo ya macho yanajaa. Hakuna mchanga? Kipande cha jipsam kutoka kwenye jengo unalofanyia kazi, mwambie mwenzio akishike usawa wa kiuno. Mafundi wanayatupa kila siku, na wewe uko mjengo.

Ile jioni nzuri nayo iwahi. Huku karibu na ikweta jua linazama wima, haliburuzi kama Ulaya. Ukisoma kwenye mitandao ya wenzetu kwamba una saa nzima ya mwanga wa dhahabu, wewe hesabu nusu yake au pungufu. Saa kumi na moja na nusu uwe umeshapanga watu, siyo unatafuta maegesho.

Ukishafanya haya mwezi mzima, ndiyo uje na laki 6. Tafuta kamera ya mkononi ya miaka kumi iliyopita, lenzi ya 50mm f/1.8, na ubakishe hela ya flashi moja ya kugeuza shingo.

#10 Ukumbini Daima

Naunga mkono, na nilikuja hapa kubishana. Ila Kijana wa Chanika, pale kwenye memori kadi usibane matumizi. Mimi nilinunua moja bei ya kutupa, imeandikwa GB 64 juu yake, ndani haikufika hata nusu. Ilikubali kupiga sherehe nzima ya sendoff, kufungua nyumbani picha za nusu ya pili hazipo. Nilimtafuta aliyeniuzia, kibanda kimeshahamia kwa mtu mwingine. Tangu hapo kadi mpya naijaza mavideo ya hovyo mpaka mwisho, nayafungua yote, ndipo naiamini. Na kwa harusi, kamera yenye nafasi ya kadi mbili ndiyo sababu pekee iliyonifanya mimi nipande daraja. Siyo picha nzuri zaidi. Usingizi.

#11 Bint Kisauni

Nami nikuongezee, ndogo wangu. Ukienda kununua ya mkononi, usiende usiku wala usikubali kukutana garini. Nenda mchana, na kadi yako. Piga ukuta mweupe au mbingu kwa f/16 uone madoadoa ya sensa. Fungua na kufunga lenzi, usikie kama yakwaruza. Chungulia kwenye lenzi dhidi ya mwanga: ukiona utandu kama wa buibui ndani, hiyo ni kuvu. Huku pwani unyevu hauna huruma, lenzi nyingi za bei rahisi huuzwa kwa sababu hiyo.

Kivuli, swali: yule mjomba wa Songea yaliishaje?

#12 Kivuli cha Saa Sita

Nilijua litaulizwa tu.

Nilirudisha nusu ya hela ya bibi harusi, ilhali mkopo unanisubiri. Halafu nikakumbuka nina picha nyingine niliyoipiga kwa bahati. Wakati ukoo unapangwa nilikuwa najaribu mwanga, nikamlenga yule mzee peke yake kutoka pembeni akiwa anarekebisha kola ya koti, bado hajajua kuna kamera. Mabega yako chini, mzee wa Mkanda. Nilikuwa na f/2.8 hiyo hiyo, na safari hii ilikuwa mahali pake: nyuma yote imeyeyuka, amebaki yeye na kola yake. Nikaisafisha inchi 8 kwa 10, nikaipeleka bila kudai kitu.

Ndiyo iko ukutani Songea. Ile ya ukoo sijui iko wapi.

Mkopo nilimaliza baada ya miezi 14. Ile 1100D ninayo bado, naitumia kwa pasipoti.

#13 Kijana wa Chanika

Wakuu nimerudi. Nimefanya ya sufuria na kanzu ya babu. Ni kweli kabisa, zote mbili zimetoka kijivu, nilidhani simu imeharibika. Baada ya kuburuta kidole zikakaa sawa. Kanzu ilinipa shida zaidi, ukizidisha nyuzi zinapotea.

Tatizo mama sasa ananiuliza kwa nini nampigia picha sufuria lake la masizi, nataka kumuaibisha kwa nani.

#14 Mzee wa Mkanda

Mwambie ahamishie kigoda mlangoni saa kumi na nusu aje achambulie mchele hapo. Wewe kaa ndani, yeye mwanga umpige ubavuni. Mwachie ungo. Muulize alikutanaje na baba yako, halafu usiguse simu mpaka acheke.